Kitalu cha miche shuleni: mwongozo kamili kwa mwalimu aliyechoka kuona miti ikifa

Walimu walezi wa klabu za mazingira huniuliza swali moja kwa sura tofauti: mbegu hazioti, miche imenyauka likizo, miti tuliyopanda mbele ya mgeni rasmi imebaki vijiti. Nikiwauliza walianza lini na miche ilikuwa mingapi, nusu ya jibu naipata hapo hapo. Walianza wakati usiofaa, tena walianza na miche mingi kupita uwezo wao wa maji.

Nami nimepita huko. Mwaka wangu wa kwanza wa ulezi tulijaza viriba 500 mwishoni mwa Oktoba, tukafunga shule Desemba tukiwa na kitalu kinachopendeza. Tulipofungua Januari, miche iliyobaki hai haikufika 30. Zamu ya likizo niliipanga kwa mdomo tu, na kila aliyetajwa alidhani mwenzake ameenda.

Mwongozo huu ni wa miche 100. Ukiifikisha 80 shambani ikiwa hai, mwakani ongeza.

## Vifaa

- Viriba 100 vya inchi 4 kwa 6. Vikikosekana, tumia paketi za maziwa au chupa za maji zilizokatwa shingo. Chochote utakachotumia, kitoboe chini.
- Udongo wa juu, ule mweusi wa chini ya miti, ndoo 3 za lita 10
- Samadi iliyooza, ndoo 2
- Mchanga wa mtoni, ndoo 1
- Chekeche, au kipande cha wavu wa kuku
- Keni ya kumwagilia, au kopo lililotobolewa kwa msumari mwembamba
- Nguzo 4 na makuti au nyasi za kichanja (paa la kivuli)
- Mbegu, angalau 250
- Wembe au mkasi, rula, kikata kucha
- Daftari gumu la kurasa nyingi na kalamu iliyofungwa kamba

Ndoo hizo sita zinatoa lita 60 za mchanganyiko. Kiriba cha ukubwa huo hubeba takriban nusu lita, kwa hiyo vitajaa vyote 100 na utabakiwa na udongo wa kujazia unaozama. Maji nayo yapigie hesabu mapema: ndoo moja ya lita 20 kwa siku inatosha miche hii. Kama shule haina uhakika wa ndoo hiyo moja kila siku hata mwezi wa kiangazi, punguza miche sasa hivi.

Daftari limekaa mwisho wa orodha, lakini ndilo la kununua kwanza. Bila daftari unachokuwa nacho ni kazi ya bustani. Ukiwa nalo, una somo la sayansi.

## Hatua ya 1: Anza na mvua, rudi nyuma

Usianze na mbegu. Anza na swali hili: hapa kwetu mvua ya kupandia inaingia lini?

Miche mingi ya kivuli na mbao inahitaji miezi mitatu hadi sita kitaluni. Kwa mikoa yenye mvua mbili, kama Tanga, Pwani, Morogoro au Kilimanjaro, panda shambani masika yakishika, Machi kuelekea Aprili. Maana yake mbegu ziingie kwenye viriba kati ya mwishoni mwa Septemba na Oktoba. Kwa mikoa ya mvua moja, kama Dodoma, Singida, Tabora au Mbeya, wanafunzi wanarudi Januari mvua ikiwa imeshaanza, na hilo ni bahati kubwa: weka mbegu Julai au Agosti. Walimu wa Kenya wenye mvua za masika na za vuli wanaweza kufuata hesabu ya Tanga.

Sasa nitasema jambo lisilopendwa na wapanga ratiba. Tarehe 5 Juni, Siku ya Mazingira Duniani, si siku ya kupanda miti sehemu kubwa ya Tanzania. Mvua imekatika au inakatika, na shule karibu inafungwa. Mche unaoingia ardhini siku hiyo unakabidhiwa kwa kiangazi. Sherehe iwepo, ngoma na ngonjera ziwepo, lakini siku hiyo fanyeni kazi nyingine nitakayoieleza mwisho.

Umefanikiwa ukiwa na: karatasi moja ukutani yenye tarehe nne, yaani kuweka mbegu, kufunga shule, kuanza kukomaza miche (hatua ya 9), kupanda.

## Hatua ya 2: Chagua mti mmoja au miwili, na uijue mbegu yake

Aina kumi za miti kwenye kitalu cha miche 100 ni fujo. Kila mti una tabia yake, na watoto hawataweza kulinganisha chochote.

Mlonge hausumbui. Mbegu huota ndani ya wiki moja au mbili bila kufanyiwa kitu, na watoto wanaona matokeo kabla hawajachoka kusubiri.

Mwarobaini una masharti. Mbegu yake haikai. Ikipitisha wiki chache tangu ivunwe, uwezo wa kuota unashuka haraka. Okota matunda yaliyogeuka manjano, toa nyama yake, osha, anika kivulini siku mbili tatu, panda. Hapa mti ndio unaopanga tarehe, wewe unafuata. Mbegu za mwarobaini zilizokaa mwaka mzima kwenye bahasha ofisini ni za kutupa.

Mkrismasi, ule wa maua mekundu, na migunga ina mbegu zenye ganda gumu lisilopitisha maji. Hizi ndizo mbegu ambazo walimu hunilalamikia kwamba "ni mbovu". Si mbovu, hazijafunguliwa tu. Tutazifungua hatua ya tatu.

Mbegu za uhakika unaweza kuzipata kwa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS, au uulize kwa afisa misitu wa wilaya. Kenya ziko KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu. Ukiokota mwenyewe, okota chini ya miti kadhaa yenye afya. Mti mmoja hautoshi.

Tahadhari: epuka mlusina kama shule inapakana na msitu au mashamba ya watu. Unaota kwa urahisi mno na unasambaa usikotumwa.

## Hatua ya 3: Jaribio la maji ya moto

Kama una muda wa kufundisha kipindi kimoja tu katika mwongozo huu wote, fundisha hiki. Nalipenda jaribio hili kwa sababu makaka ya mkrismasi yamejaa kwenye viwanja vya shule nyingi, hayagharimu kitu, na jibu lake haliwezi kubishiwa.

Hesabuni mbegu 150, mzigawe mafungu matatu ya 50.

Fungu A: panda kama lilivyo.

Fungu B: chemsha maji, epua, subiri dakika moja hivi, mimina mbegu, acha zipoe humo humo hadi kesho yake. Maji yawe mengi kuliko mbegu, mara tano au zaidi. Usizichemshe zikiwa jikoni, utapika maharage.

Fungu C: kwa kila mbegu, kata kidogo tu ganda kwa kikata kucha, upande ulio mbali na jicho la mbegu, ule usiochomoza mzizi. Kisha loweka kwenye maji ya kawaida hadi kesho yake.

Asubuhi ya pili waite watoto wazitazame kwa karibu. Mbegu iliyopitisha maji imevimba karibu mara mbili, ganda limekuwa laini kama ngozi, ukiibonyeza inateleza. Iliyogoma iko vile vile, ngumu kama changarawe. Wape zote mbili mkononi wafumbe macho. Mtoto aliyewahi kuzishika hivyo huhitaji kumwandikia ubaoni maana ya "ganda lisilopitisha maji".

Pandeni kila fungu kwenye trei au tuta lake lenye kibao. Hesabuni kila siku kwa wiki tatu, muandike kwenye daftari. Asilimia ya uotaji ni mbegu zilizoota, gawa kwa zilizopandwa, zidisha kwa 100. Fungu A litaota moja moja, na nyingine zitakaa miezi. B na C zitachomoza karibu kwa pamoja. Mwalimu wa Hisabati atafurahi kupata grafu ya mistari mitatu isiyotoka kitabuni.

Tahadhari: maji ya moto ayamimine mtu mzima.

Umefanikiwa ukiona: tofauti inayoonekana kwa macho ifikapo wiki ya pili. Zilizoota vizuri zitahamia kwenye viriba.

## Hatua ya 4: Changanya udongo, jaza viriba

Chekecha udongo na samadi. Changanya kwa koleo, geuza mara tatu hadi rangi iwe moja.

Jaribu hivi: lowanisha kidogo, finyanga tonge, fungua kiganja. Tonge likikaa lakini likavunjika ukiligusa kwa kidole, umepata. Likibaki gumu kama tofali, ongeza mchanga, kwa sababu mizizi haitapata hewa. Lisipofinyangika kabisa, ongeza udongo mweusi, maana maji hayatakaa.

Samadi mbichi inaunguza mizizi. Ukiishika ikiwa na joto, au bado inanuka zizi, iache iendelee kuoza.

Jaza kiriba hadi mdomoni, kigonge chini mara mbili kishuke, ongeza. Kisiwe na mkunjo katikati. Mkunjo huo ndipo maji na mizizi hukwama. Watoto wadogo hujaza nusu ili wamalize haraka, kwa hiyo mpe kiranja kazi ya kukagua.

## Hatua ya 5: Kichanja na mahali pa kitalu

Karibu na maji, mbali na njia ya mbuzi, mahali ambapo mwalimu wa zamu anapaona akiwa ofisini. Hilo la mwisho wengi hulipuuza, wakaweka kitalu nyuma ya vyoo kisikosumbua mtu, na kweli hakimsumbui mtu hadi kinakufa.

Viriba 100 vinaenea kwenye mita moja ya mraba. Sawazisha chini, panga kumi kwa kumi, zungushia mawe au mbao visianguke. Juu weka makuti kwa kimo cha mtu ili mwagiliaji asiiname. Yasizibe kabisa, vipande vya jua vipite.

Nyasi za chini ziondolewe. Nyoka na nge wanapenda ubaridi wa kitalu kama miche inavyoupenda.

## Hatua ya 6: Kupanda na kuhamisha

Mbegu kubwa kama mlonge na mkrismasi panda moja kwa moja kwenye kiriba, mbili mbili. Kina kiwe mara mbili ya unene wa mbegu. Ya kuzikwa kina cha kidole kizima itaishiwa nguvu kabla haijaliona jua. Zikiota zote mbili, hamishia moja kwenye kiriba kilichokosa, au ikate kwa mkasi usawa wa udongo. Usiing'oe, utamtikisa mwenzake.

Miche iliyoota kwenye trei ihamishe ikiwa na majani mawili ya kweli, yale yanayofuata baada ya yale ya kwanza yaliyotoka na mbegu. Ishike kwa jani, kamwe usiishike shina. Jani likivunjika litaota jingine. Shina likipondwa na vidole, mche umekwisha, japo utaendelea kusimama siku tatu kukudanganya. Toboa shimo kwa kijiti, mzizi uingie wima, bana udongo pembeni. Fanyeni jioni.

Wiki mbili tatu za mwanzo ndipo ugonjwa wa kinyausi hupiga. Utajua ukikuta mche umeanguka ukiwa bado wa kijani, shina limenywea pale linapogusana na udongo kana kwamba limefungwa uzi. Hakuna haja ya kukimbilia dawa. Toa iliyoathirika, punguza maji, fungua kichanja hewa ipite.

## Hatua ya 7: Kumwagilia, na kosa kubwa la shule zetu

Mbegu zikiwa bado zinaota, asubuhi na jioni kwa keni yenye matundu madogo. Miche ikishika, mara moja kwa siku inatosha. Kabla ya kumwaga, choma kidole kwenye kiriba hadi pingili ya kwanza. Pakiwa na unyevunyevu, acha. Utando wa kijani juu ya udongo unaonyesha mmezidisha.

Sasa kosa lenyewe. Shule nyingi huwapa kazi ya kumwagilia wachelewaji. Mtoto aliyeadhibiwa kwa keni atamwaga ndoo nzima kwenye viriba vitano vya mwanzo ili aondoke, na kitu pekee atakachojifunza kuhusu miti ni kwamba miti ni adhabu. Kumwagilia kuwe cheo. Wanaoshika keni wawe wana klabu, majina yao yasomwe mstarini, na kila mmoja awe na mstari wake wa viriba kumi vyenye namba. Siku ya kwanza nilipoandika namba kwenye viriba kwa rangi ya kucha, mabishano ya "huu ni wangu, wako ule uliopinda" yalianza mapumziko ya saa nne. Hayo ndiyo niliyokuwa nayatafuta.

Kila siku mwagiliaji aandike: tarehe, jina, idadi ya miche hai. Kila Ijumaa apime kimo cha mche namba 1, 11, 21 na kuendelea, ili data zitoke kwa miche ile ile.

Kwa likizo, msiagane kwa maneno. Chagueni wanafunzi wanaokaa karibu na shule, wawili wawili, mzazi mmoja wa kila zamu ajue, mlinzi awe na nakala ya orodha, na kila anayekuja aweke saini. Saini ndiyo iliyonisaidia mimi. Maneno yaliniangusha.

## Hatua ya 8: Kata mizizi

Kuanzia mwezi wa pili, inua kiriba kimoja kimoja. Mzizi uliotoka chini na kuingia ardhini ukate kwa wembe, usawa wa kiriba. Rudia kila wiki mbili.

Walimu wengi huona huruma hapa. Lakini mzizi mkuu ukishatia nanga chini, mche unaacha kutegemea udongo wa kiriba. Siku ya kuuhamisha utaukata huo huo mzizi ukiwa mnene, na mche utanyauka njiani. Ukiukata mapema, mizizi midogo huongezeka ndani ya kiriba, nayo ndiyo itakayokunywa maji shambani.

Mwagilia kabla na baada. Wembe ushikwe na mwalimu au wanafunzi wakubwa.

## Hatua ya 9: Komaza miche

Mwezi mmoja kabla ya kupanda, anza kuizoesha shida. Wiki ya kwanza punguza robo ya makuti, ya pili nusu, ya tatu toa yote. Maji yashuke hadi mara moja kwa siku mbili. Majani yakilegea mchana na kusimama jioni, acha. Yakibaki yamelegea asubuhi, umezidisha ukali, mwagilia.

Mche ulio tayari: kimo cha rula ya sentimita 30 au zaidi kidogo, unene wa penseli, shina la chini limegeuka kahawia na gumu. Mche mrefu laini wa kijani kibichi unapendeza kwenye picha, ila shambani hauna maisha.

## Hatua ya 10: Shambani

Mashimo yachimbwe kabla ya mvua, sentimita 45 kila upande au hata 60 ardhi ikiwa ngumu. Udongo wa juu uwekwe kulia, wa chini kushoto. Wa juu ndio utakaotangulia kurudi shimoni, umechanganywa na samadi.

Usipande mvua ya kwanza. Chimba mahali, tumbukiza rula. Udongo ukiwa umelowa sentimita 30 zote, panda. Manyunyu ya siku moja yameua miti mingi kuliko mbuzi.

Chana kiriba kwa wembe ubavuni, kitoe chote, bonge la udongo lisivunjike. Shingo ya mche ibaki usawa ule ule uliokuwa nao kitaluni. Shindilia kwa kisigino taratibu, tengeneza kisahani cha kukusanya maji, weka matandazo ya nyasi yasiyogusa shina, zungushia miiba.

Kisha kusanya viriba vyote uvihesabu. Mkipanda miti 86, virudi viriba 86. Vikirudi 80, kuna miti sita imezikwa na plastiki yake, na itakufa mwakani hivi bila mtu kujua sababu. Rudini mkaitafute siku hiyo hiyo.

Miti wakabidhi wanafunzi wa darasa la tatu na la nne. Wa madarasa ya mwisho watapanda kwa nguvu zaidi, lakini wanaondoka mwaka huo huo na mti unabaki yatima.

## Hatua ya 11: Tarehe 5 Juni, hesabuni

Hapa ndipo sherehe inapopata kazi. Kila mtoto asimame kwenye mti wake, mti uhesabiwe. Miti hai, gawa kwa iliyopandwa, zidisha kwa 100. Mgeni rasmi asomewe asilimia hiyo hata kama inatia aibu. Rudieni Desemba kabla ya kufunga, na Juni nyingine.

Iliyokufa msiitupe. Chimbeni, osheni mizizi kwenye ndoo, muitandaze juu ya gunia watoto waisome:

- Mizizi imejizungusha kwa umbo la kiriba: kiriba hakikutolewa, au mche ulikaa kitaluni muda mrefu mno.
- Mzizi mkuu umepinda kama ndoano: ulikunjwa wakati wa kuhamisha, hatua ya 6.
- Gome limegugunwa na kuna udongo mkavu juu ya shina: mchwa. Mara ijayo matandazo yakae mbali zaidi.
- Mizizi mizima, mikavu, haijatoka nje ya bonge: mvua haikuwa imeingia, au hakukuwa na mwagiliaji.
- Ncha imekatwa, shina bado bichi ukilikwangua kwa ukucha: ni mbuzi, na huo haujafa. Urudishe shimoni haraka, umwagilie, ongeza miiba.